Mwaka wa kwanza wa bima ya komprehensivu ya gari langu, Toyota Fielder: bei haikuniuliza ninalala wapi

Ajenti aliniuliza maswali sita kabla ya kunitajia bei, na hakuna hata moja lililohusu mtaa ninaoishi. Gari ni la mwaka gani. Limethaminiwa pesa ngapi. Nani mwingine analiendesha. Nimewahi kudai bima. Lina kengele ya wizi au halina. La mwisho, nalitumia kwa kazi gani. Akabonyeza simu yake, akasema asilimia nne ya thamani.

Mimi nakaa South C, si mbali na Muhoho Avenue. Aliyewahi kukaa huku anajua mvua ikishikilia saa mbili tu barabara zetu zinageuka mito. Nilikuwa nimejiandaa kutozwa zaidi kwa ajili ya hayo. Kumbe mwenzangu anayelala Karen, ndani ya ua lenye soja wawili na mbwa, angetajiwa asilimia nne hiyo hiyo kwa gari kama langu. Nikafurahi, nikaona nimewaweza. Ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwamba Nairobi ilikuwamo kwenye mkataba wangu tangu siku ya kwanza, ila haikuandikwa kwenye bei. Iliandikwa ukurasa wa nne, palipo na ekses, yaani sehemu ya hasara unayojilipia mwenyewe.

Sitaitaja kampuni. Kuna mazuri waliyonitendea na kuna yaliyoniudhi, na sina hamu ya kuandikiana barua na mawakili. Ninachotaka kueleza ni huduma yenyewe, jinsi nilivyoinunua, ilivyonilipa na iliponiangusha, maana karibu kila kampuni niliyoiulizia hapa mjini ilikuwa na masharti yanayofanana.

Nianze na kilichonileta huko. Mie ni mpishi wa shughuli: harusi, hitima, arubaini, na mara mojamoja chakula cha mchana cha ofisi. Aprili 2024, mafuriko yalipokuja, nilikuwa na Demio kuukuu niliyoiegesha nje ya geti. Bima yake ilikuwa thadi pati, Sh7,500 kwa mwaka. Alfajiri nikatoka kuswali nikakuta maji yamefika kwenye viti. Jirani yangu, kwa nia njema kabisa, akaniambia, "Jaribu kuwasha, mama, ikishika tu maji yatatoka." Nikawasha. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Yalipoingia kwenye silinda na pistoni ikapanda, kitu kilichokubali kupinda kilikuwa ni konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni. Ule mlio bado naukumbuka.

Thadi pati haikunipa hata bei ya taulo la kukaushia viti, na haikukosea. Bima hiyo, ambayo Sheria Sura ya 405 inamlazimisha kila mwenye gari kuwa nayo, inamlipa yule uliyemgonga. Akiumia au akifariki, analipwa hadi shilingi milioni 3. Gari lako likizama, likiibwa au likiungua, hayo ni yako na Mola wako. Demio niliiuza kwa mtu wa vipuri.

Fielder nilinunua mapema 2025, ya mwaka 2014, nyeupe ile ya kung'aa, aliyekuwa nayo ni mwalimu wa Buru Buru aliyeitunza vizuri. Nikaapa hii naikatia bima kubwa, kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania; sisi huku tunasema komprehensivu, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe.

Kwanza ikaja habari ya thamani. Nilitaka kuandika laki nane ili nilipe kidogo. Ajenti, dada mmoja mpole mwenye ofisi ndogo ghorofa ya tatu huko Moi Avenue, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwa mfano wa gari langu mwenyewe. Tuseme thamani yake ya kweli ni Sh1,150,000, nawe umeandika 800,000. Ukapata ajali ya kutengeneza kwa laki mbili. Kampuni itasema ulilipia sehemu tu ya gari, nayo italipa sehemu hiyo hiyo, kama elfu 139. Elfu 61 utatoa wewe, na bado ekses. Nikapeleka gari kwa mthamini waliyemchagua wao, bila malipo, akaandika milioni moja na laki moja na nusu. Wale mnaobaki na hati za thamani za miaka mitatu iliyopita, angalieni. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na magari yetu, ambayo karibu yote yanatoka Japani yakiwa yametumika, yalipanda bei pamoja na vipuri vyake. Dola ilishuka hadi karibu 129. Bei za wauza vipuri wa Kirinyaga Road sikuziona zikishuka kwa kasi hiyo.

Halafu lile swali la sita. "Unalitumia kwa kazi gani?" Nilitaka kusema la nyumbani tu, maana ndivyo nilivyofundishwa na watu: sema la nyumbani, bei iwe chini. Lakini gari langu likifunguliwa nyuma linanuka bizari ya pilau hadi nje. Nikamwambia ukweli, kwamba Ijumaa na Jumamosi nabeba sufuria za kilo 20, majiko ya gesi na wasichana wawili wanaonisaidia. Akapiga simu kwa kampuni tukiwa pale pale. Wakakubali kuandika kwenye hati kwamba nabeba vyombo vyangu vya kazi, si mizigo ya watu kwa malipo, wakaniongezea nusu asilimia. Kwa hiyo ikawa asilimia nne na nusu: Sh51,750. Hiyo nusu asilimia, Sh5,750, ndiyo pesa niliyoitoa nikinung'unika kuliko zote, na baadaye ndiyo iliyoniokoa. Nitafika huko.

Sasa nyongeza. Hapa ndipo penye maamuzi, kwa sababu ile bima ya msingi ni nyumba bila madirisha.

Vurugu za kisiasa na ugaidi hazikuwamo. Unaziongeza kwa robo asilimia ya thamani. Kwangu ilikuwa Sh2,875. Kwa mtu wa Nairobi aliyeona moshi wa Juni 2024 hakuna haja ya kumshawishi. Tarehe 25 Juni 2025, maduka yalipoporwa katikati ya jiji, nilikuwa nimeahirisha kazi ya Eastleigh na gari lilikuwa uani. Sikuidai pesa hiyo hata senti. Ila nililala.

Pili, kinga ya ekses. Ekses ni ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Kwangu ilikuwa asilimia mbili na nusu ya thamani ya gari, na haishuki chini ya Sh15,000. Kwa Fielder yangu ni Sh28,750 kila ajali. Ukilipa Sh5,750 ya kinga, kampuni inaibeba na hiyo. Nikalipa.

Tatu, gari la muda kwa siku kumi ikiwa langu liko gereji: Sh3,000. Hili nalo nitalirudia, tena kwa hasira.

Jumlisha yote, weka tozo ya mafunzo asilimia 0.2, mfuko wa fidia wa wenye bima asilimia 0.25, na stempu ya shilingi 40, inakuja Sh63,700. Nililipa kwa M-Pesa mara mbili. Malipo ya kwanza walinipa stika, yaani cheti cha bima, ya mwezi mmoja tu, nilipomaliza wakatuma ya miezi iliyobaki. Siku hizi cheti kinakuja kwenye simu, unakichapisha mwenyewe, na trafiki akitaka kuhakikisha anakiangalia kwenye mfumo. Zamani tulikuwa tunafuata karatasi ofisini. Hilo limekuwa jema.

Na wizi? Huo ndio ukurasa wa nne. Gari likiibwa zima, ekses haikuwa asilimia mbili na nusu tena bali kumi, kwa gari lenye kengele tu: Sh115,000. Kinga ya ekses niliyonunua haigusi wizi. Nikisoma hapo nilikuwa nimeshalipa, nikampigia ajenti kwa sauti ya juu. Akasema, "Mama, weka traka, tutairudisha iwe mbili na nusu." Traka, kile kifaa cha kuonyesha gari liko wapi, pamoja na kuifunga ilinigharimu elfu 12, na kila mwaka kuna ya kulipia. Mwenye ua la kufungwa angeweza kusema aah, sihitaji. Mimi gari langu usiku linalala barabarani, linalindwa na soja wa mtaa anayelinda magari mengine thelathini. Hapo ndipo South C iliponitoza. Bei haikutamka jina la mtaa wangu, masharti yakalitamka.

Mwezi wa Aprili nikaibiwa vioo vya pembeni. Saa kumi na mbili jioni, foleni imesimama karibu na mzunguko wa Globe, kijana akapita katikati ya magari kama anayeuza maji. Akavunja cha kushoto. Nilipogeuka mwenzake akavunja cha kulia. Sekunde kumi. Nikafungua mkataba usiku ule. Ndiyo, vioo vimo. Lakini ekses yangu ni Sh28,750, na vioo viwili vya kutoka Japani, vilivyotumika, niliuziwa elfu 13 kule Kirinyaga Road, mwendo mfupi kutoka vilipoibiwa. (Kama kimojawapo kilikuwa changu mwenyewe sijui, sikuvigeuza kuangalia.) Ningedai, kinga ya ekses isingenisaidia kwa wizi, na ningepoteza punguzo la mwaka ujao la kutodai. Sikudai. Fundi akavichora namba ya gari na kuvipigia ribiti, na taa za nyuma vilevile, Sh1,500 kazi yote. Wizi huo mdogo mdogo, ambao ndio unaompata mtu wa Nairobi mara nyingi zaidi, bima kubwa haiufikii kwa maana yoyote ya kweli. Kioo cha mbele ndicho pekee kilicho na fungu lake lisilo na ekses, hadi Sh50,000, na redio hivyo hivyo. Sufuria za kupikia, nazo, hazimo. Niliuliza.

Mafuriko yamo. Ajenti alinionyesha mstari wenyewe nilipomsimulia ya Demio. Akaniambia pia kwa mdomo jambo ambalo karatasi inalisema kwa lugha ngumu: likizama, usiguse ufunguo. Maji yaliyoingia ni janga. Injini iliyovunjika kwa sababu uliwasha ndani ya maji, kampuni itasema ni wewe. Piga picha maji yakiwa bado yamesimama, kisha gari livutwe. Ningeyajua hayo mwaka mmoja kabla.

Sasa dai lenyewe, maana bima hujaijua mpaka udai.

Ilikuwa Novemba, Jumamosi asubuhi, nyuma kuna sufuria mbili na wasichana wangu wameketi wakimenya vitunguu saumu. Mombasa Road, upande wa Bellevue, chini ya ile barabara ya juu ya Expressway. Matatu ikachomoka kutoka njia ya pembeni ili iwahi abiria, ikanipiga mlango wa nyuma kushoto na ubavu hadi kwenye gurudumu. Hakuna aliyeumia, Alhamdulillahi. Kondakta akashuka kabla ya dereva. "Madam, tumalizane hapa hapa. Elfu tano." Nikatazama ule mlango, nikamtazama yeye. Akapanda hadi nane. Watu wakakusanyika, mmoja akanishauri nichukue, kesi na matatu haina mwisho. Nilipiga namba ya kampuni.

Sifa yao ya kwanza: walipokea simu papo hapo, Jumamosi, na waliongea na mimi kama mtu. Wakaniambia nipige picha kabla magari hayajasogezwa, nichukue namba na stika ya matatu, nisikubali kosa wala pesa, niende kituo cha polisi. Gari la kuvuta lilifika baada ya dakika hamsini. Chakula cha harusi kilifika Pangani kwa Probox ya kukodi, kikiwa bado cha moto, na hilo ni la kumshukuru Mungu na dereva wa Probox.

Abstrakti ya polisi, ile hati ya kuthibitisha ajali, nilipata siku ya tatu. Asesa, mkaguzi wa hasara wa kampuni, alikuja siku ya nne. Na swali lake la kwanza, nikiwa nimesimama naye kwenye vumbi la gereji, lilikuwa kuhusu sufuria. Moja ilikuwa bado nyuma, imebonyea. "Ulikuwa unafanya biashara na gari hili?" Nikafungua simu nikamwonyesha ule mstari kwenye hati: vyombo vyake vya kazi. Akasoma, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga picha. Kama ningekuwa nimesema la nyumbani tu, dai langu lingeishia pale, na lile neno moja nililolilipia Sh5,750 nikinung'unika ningelilia.

Gereji ilibidi iwe mojawapo ya zao. Walinipa tatu, nikachagua ya Industrial Area kwa sababu ni karibu. Fundi wangu wa Ngara, aliyelijua gari langu kama mkewe, hakuwa kwenye orodha. Gereji iliandika Sh168,000 kwa mlango mpya. Asesa akapunguza hadi 131,000, akasema mlango utoke kwa magari yaliyotumika ya Japani. Sikupinga, gari la 2014 kuvalishwa mlango mpya kabisa ni kama kumvika kanzu ya harusi mtu anayekwenda shamba. Nilichopinga ni siku. Kibali cha kuanza kazi kilichukua siku kumi na moja. Kumi na moja, mlango umekaa pembeni, gari limefunikwa turubai, mimi napiga simu kila asubuhi na kila asubuhi ananipokea mtu mwingine anayeniuliza namba ya dai upya.

Na lile gari la muda. Kwanza walileta Vitz. Sufuria ya kilo 20 haiingii kwenye Vitz hata uisemeshe. Pili, siku zao kumi walianza kuzihesabu tangu niliporipoti ajali, si tangu gereji ilipoanza kazi. Kwa hiyo siku kibali kilipotoka, Vitz ilikuwa imeshachukuliwa jana yake. Kazi ilichukua siku tisa nyingine, na nilikodi Probox kwa Sh3,500 kila siku ya shughuli. Nilipolalamika nilionyeshwa mstari. Na kweli, mstari upo.

Rangi walikosea. Nyeupe ya kung'aa si nyeupe ya ukuta; kwenye jua mlango ulionekana kama umeazimwa. Nilirudisha mara mbili, ya pili ikakubali. Ekses sikulipa, kinga iliibeba yote. Matatu nayo ilikuwa na bima hai, na kampuni yangu inaifuata yenyewe ile ya matatu kwa pesa zake. Mimi nimetolewa kwenye ugomvi huo, na kwa kusema kweli hilo peke yake lina thamani. Mwenye thadi pati angekuwa anaifuata mwenyewe, ofisi hadi ofisi, na sote tunakumbuka kampuni za bima za matatu zilizofunga milango na kuacha watu na karatasi mkononi.

Kwa ajenti natoa nyota tano. Kwa kampuni tatu, moja niliitoa kwa sababu ya zile siku kumi na moja na nyingine kwa sababu ya Vitz.

Mwezi wa pili nimelipia tena. Nilizunguka kwanza, kampuni mbili zilinipa asilimia tatu na nusu, nikafurahi hadi nilipofika kwenye ekses: moja ekses yake ilikuwa haishuki chini ya Sh30,000, nyingine ilitaka gari lilale ndani ya ua lenye geti. Nikarudi kwetu. Thamani imeshuka hadi Sh1,050,000, asilimia imepanda hadi tano kwa sababu nilidai, kwa hiyo msingi ni Sh52,500, karibu pale pale. Vurugu nimeziacha, kinga ya ekses nimeiacha, traka nimelipia. Gari la muda nimeliondoa. Hiyo elfu tatu nikiongeza mia tano napata Probox siku nzima, tena inayoingia sufuria.

Kaka yangu mdogo anataka nimpe Fielder usiku aweke kwenye programu ya teksi, gari lisilale bure. Nilimpa namba ya ajenti aulize mwenyewe. Aliambiwa siku atakapombeba abiria wa kwanza wa kulipa, bima yetu haipo, na ya teksi ni nyingine, ina bei yake na kila abiria anahesabiwa. Amenuna wiki ya pili sasa. Stika mpya nimeichapisha dukani kwa shilingi 20, na funguo zinalala chini ya mto wangu.